Chuma Kigumu, Moto, na Watu wa Upande wa Mama

Najua nimepotea, lakini wiki za majaribio mnazijua wenyewe... Leo sina habari za kantini wala za foleni ya mkopo. Naomba niwape historia, na si ya wafalme wala ya mikataba. Ni historia ya tundu. Ndiyo, tundu! Tundu la kwenye chuma kigumu.

Kule kwetu Engaresero (wilaya ya Ngorongoro, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Natron, chini kabisa ya Ol Doinyo Lengai), mtu akitaka chuma cha kutengenezea kitu mara nyingi haendi dukani. Anaokota kilichofia njiani: jani la springi, beringi, tupa iliyoisha meno, kipande cha ekseli. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka ina mawe na makorongo, na springi zimekatika humo miaka nenda miaka rudi. Basi chuma kipo. Tatizo linaanza pale unapotaka kukitoboa. Tuseme unatengeneza panga na unataka matundu mawili ya ribiti za mpini. Unafunga biti mpya kwenye drili, unakandamiza... biti inalia, moshi unatoka, ncha inageuka bluu, kwisha habari. Ukifuta pale unakuta kidoa kinang'aa kama kioo. Tundu hakuna.

Hapo ndo watu husema "hicho chuma ni kigumu", kana kwamba kilizaliwa hivyo. Mi nakataa. Ugumu wa chuma ni historia yake, yaani ni moto kiliopitia na namna kilivyopoa. Hiyo ndo hoja yangu yote ya leo, na nadhani inawahusu watu kama inavyohusu chuma.

Tuanze na chuma chenyewe. Chuma cha pua ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Cha springi huwa na kama asilimia 0.5 hadi 0.6 tu. Kipashe moto mpaka kiwe chekundu, nyuzi 800 hivi za Selsiasi, halafu kitumbukize ghafla kwenye maji au oili: kinakuwa kigumu sana, lakini chepesi kuvunjika. Ndo maana kiwandani springi hupashwa tena kwa joto dogo zaidi, nyuzi 400 na kitu hadi 500, ili ipunguze ukali na iweze kupinda na kurudi. Sasa chukua chuma kilekile, kipashe kiwe chekundu, halafu badala ya maji kifukie kwenye majivu makavu kipoe polepole usiku kucha. Asubuhi kinatoboka! Kaboni ni ileile, uzito ni uleule. Kilichobadilika ni yale kiliyopitia.

Watalii wakija kwetu wanaangalia Lengai wanadhani lava yake inaweza kuyeyusha kila kitu. Wapi! Ile ni lava baridi kuliko lava zote zinazojulikana duniani, nyuzi 500 hadi 600 tu, mchana inatiririka nyeusi kama matope. Ukitupia springi humo itapungua ugumu, ila haitafika kwenye ule wekundu ambako chuma kinaanza upya. Kwa hiyo Mlima wa Mungu, kwa kazi hii, hauna moto wa kutosha. Mkaa wa mgunga ukipulizwa hewa sawasawa unao.

Na kuna watu waliokuwa wanajua kupuliza hewa hiyo muda mrefu sana kabla ya springi kufika.

Kwa Wamaasai kazi ya chuma ilikuwa ya Ilkunono. Hao ndo waliofua mikuki, sime, visu na kengele za ng'ombe. Walioana wao kwa wao, na watu wengine hawakutaka kuchangamana nao. Afisa wa Kijerumani Moritz Merker aliandika habari zao mwaka 1904, na Mwingereza A. C. Hollis akaandika mwaka 1905. Imeandikwa kwamba mtu akipokea silaha kutoka kwa mhunzi alipaka kwanza mafuta mkononi, kwa sababu kile kitu kilihesabiwa kuwa kimechafuliwa na aliyekitengeneza. Hebu fikiria jamani... Mkuki unakulinda wewe, watoto wako na ng'ombe wako, lakini mwenye kuutengeneza hafai kuoa kwako!

Hili nalizungumza kwa sababu linanihusu. Babu yangu mzaa mama ni wa Ilkunono. Upande wa baba waliguna sana kabla ya mama kuolewa, na hata baada ya sisi kuzaliwa, jambo lenyewe lilikuwa linasemwa kwa sauti ya chini. Siku hizi maneno yamepungua, lakini hayajaisha. Nimekua nikijua kutaja ukoo wa baba mbele za watu, na ule wa mama kuuacha pembeni.

Kumbe ukivuka kidogo tu mambo yanabadilika kabisa. Nenda Upare Kaskazini, Ugweno. Pale wahunzi walikuwa ukoo wa Washana, na simulizi za Wapare zinasema Washana ndo walikuwa watawala, mpaka Wasuya walipowapindua. Profesa Isaria Kimambo ameieleza historia hiyo kwenye kitabu chake kuhusu Wapare cha mwaka 1969. Yaani nyundo ileile na moto uleule, huku mhunzi anaogopwa kama uchafu, kule anakaa kwenye kiti cha utawala. Kwa hiyo ile dharau haitoki kwenye chuma. Ni mpango wa watu.

Nenda na Buhaya. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa vyuma, walifanya kazi na wazee wa Kihaya waliowajengea upya tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma kama walivyolikumbuka toka ujanani. Mwaka 1978 wakachapisha matokeo kwenye jarida la Science: kwamba eneo lile watu walikuwa wanapata chuma chenye kaboni, yaani cha pua, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa kuingiza hewa kupitia mirija ya udongo iliyozama ndani ya tanuri hivyo ikapata moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Wataalamu wengine wakaja kuibishia ile hoja ya hewa ya moto, na ubishi ukaenda mbali. Ila kwamba wale wazee walijua kuyeyusha, hilo lilifanyika mbele ya macho ya watu.

Sasa turudi kwenye tundu letu. Wahunzi wa zamani walitobaje? Hawakuzungusha kitu. Walipasha chuma, wakakiweka juu ya fuawe, wakapigilia panchi kingali chekundu. Chuma cha moto kinasukumika kama ugali, kinafanya nafasi. Kuzungusha kulikuwa kazi ya mbao. Kule pwani mafundi wa majahazi walikuwa na keke, ile ya upinde na kamba: unavuta mbele na nyuma, inazunguka, inatoboa ubao ili msumari usije ukaupasua. Keke ilitosha kwa mti. Kwa chuma, panchi na moto.

Halafu chuma cha wageni kikaanza kuingia. Kwanza nyaya. Joseph Thomson alipopita Umaasaini mwaka 1883 na 1884, mizigo yake ilijaa nyaya na shanga kwa ajili ya kulipia njia, na nyaya za chuma wahunzi waliziunganisha wakafua silaha. Halafu majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, ambayo taratibu yaliua kazi ya kuyeyusha mawe. Halafu reli. Ile ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Arusha mwaka 1929. Ile ya Mombasa ilianza 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Wanandi wakawa wanachukua nyaya za simu kwa mapambo na bolti za reli kwa silaha. Wakoloni waliwaita wezi. Mi kama mwanafunzi wa historia naona na jambo lingine hapo: wahunzi walitambua papo hapo kwamba mali imelazwa chini kilomita mia kadhaa!

Kwa hiyo ilikufa kazi ya kuyeyusha, lakini kazi ya kufua haikufa. Na mwaka 1948 Uingereza ikaanza kutengeneza Land Rover, ambayo baadaye ikajaa kwenye hifadhi, misheni na ofisi za serikali huku kwetu. Zilipokatika springi zake, mhunzi akajikuta ameshika chuma kilichotiwa ugumu kiwandani, na watu asiowajua, kwa moto ambao hakuuona. Hakikuja na maelezo. Ilibidi akisome mwenyewe.

Na huko Ulaya na Marekani nao walikuwa wanahangaika na swali lilelile: utakataje kigumu kwa kigumu? Biti za zamani zilikuwa za chuma cha pua cha kawaida. Zikipata moto wa msuguano, nyuzi 250 hivi tu, zinalainika, kwa sababu zinaachia ugumu zilioupata kwenye maji. Mwaka 1868 Robert Mushet wa Uingereza alitoa chuma kilichochanganywa na wolframi. Miaka ya 1898 hadi 1900, Frederick Taylor na Maunsel White, kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem kule Pennsylvania, wakagundua namna ya kukipasha moto mkali sana kabla ya kukipoza, kikawa kinakata hata kikiwa chekundu. Mwaka 1900 walikionyesha kwenye maonyesho ya Paris, na mafundi wa Ulaya hawakuamini macho yao. Ile HSS unayoiona kwenye shina la biti dukani Karatu ni mtoto wa ugunduzi huo. Halafu mwaka 1923 Mjerumani Karl Schröter wa kampuni ya Osram akaunganisha unga wa kabaidi ya wolframi na chuma kingine, na kampuni ya Krupp ikauza kwa jina la Widia, maana yake "kama almasi". Kipande hichohicho ndo kimechomelewa kwenye ncha ya biti ya ukuta. Mafundi wetu wanajua siri hiyo: biti ya ukuta ukiinoa upya kwa jiwe linalofaa, ikapata makali, inaweza kutoboa hata chuma kilichotiwa ugumu, ukienda taratibu.

Sasa sikilizeni hili. Wolframi inachimbwa Rwanda. Kobalti, inayotiwa kwenye biti za bei kubwa kama asilimia 5 au 8, na ambayo pia ndo gundi ya ile kabaidi, kwa sehemu kubwa ya dunia inatoka Kongo, Kolwezi na maeneo ya jirani. Vanadi, inayotiwa kwenye HSS, ipo ndani ya mawe ya chuma ya Liganga, wilaya ya Ludewa, ambayo yamezungumzwa kwa miongo mingi. Yaani ukanda huu una vitu vyote vya kutengenezea biti, na bado tunanunua biti kwenye pakiti kutoka ng'ambo, nyingine feki, inaisha kwenye tundu la kwanza.

Serikali ililiona hilo zamani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 likaja Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973, halafu mkakati wa viwanda vya msingi mwaka 1975. Kule Hai, Kilimanjaro, kikajengwa kiwanda cha mashine za kutengenezea mashine, kwa msaada wa Bulgaria. Wazo lilikuwa zuri: nchi isiyoweza kutengeneza zana zake itakopa mpaka nyundo. Ila mi najiuliza, katika mipango yote hiyo, wahunzi waliitwa kwenye mkutano gani? Mtu ambaye baba yake na babu yake wameshika moto alihesabiwa kama fundi wa mtaani tu, asiye na cheti.

Babu hana cheti. Karakana yake ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba: jiriwa moja, drili ya jenereta, kipande cha reli anachotumia kama fuawe, na tanuri lenye feni ya kuzungusha kwa mkono. Nikiwa likizo huwa nazungusha mimi. Namna yake ni hii. Anapasha chuma mpaka sumaku ya spika mbovu inakataa kukishika, maana ikifika nyuzi 770 hivi chuma kinaacha kuvutwa na sumaku. Anaongeza moto kidogo, halafu anakifukia kwenye debe la majivu makavu hadi kesho yake. Asubuhi anapiga alama kwa panchi, anaanza na biti ndogo ya milimita 3 au 4, mwendo wa polepole, oili chakavu ikidondoka, mkono umekandamiza bila kusita. Akimaliza matundu anapasha tena panga liwe jekundu, analizamisha kwenye oili (si maji, chuma cha springi hupasuka kwenye maji), analisugua ling'ae, halafu analirudisha juu ya moto mdogo akiangalia rangi: manjano, kahawia, zambarau, bluu. Ikifika bluu, basi. Hakuna kipimajoto. Macho tu.

Nikamuuliza, "Babu, kwa nini usinunue tu biti ya kobalti? Inatoboa bila kulainisha."

Akasema, "Mjukuu wangu, hiyo biti ikivunjika leo, kesho nitatoboa na nini? Mkaa upo."

"Lakini inachelewesha kazi."

"Tundu linatobolewa kabla ya ugumu. Mwenye haraka ndo anavunja biti."

Nilipokuja kusoma, nikakuta hata kiwandani wanafanya hivyohivyo! Tundu la senta bolti katikati ya jani la springi hutobolewa kwanza, ndo jani linatiwa ugumu. Babu hajawahi kuingia kiwanda cha springi. Amekifikia kiwanda kwa kurudisha chuma nyuma, mpaka pale kilipokuwa kabla ya kutiwa ugumu.

Tena kuna jambo anakataa kabisa, hata kwa hela nzuri: kutoboa springi iliyolainishwa ikarudishwa kwenye gari. Pale katikati ndo pamebeba mzigo. Ukilainisha bila kuirudishia ugumu sawasawa, jani litalala au litakatika, na humo ndani kuna watu. "Fanya panga, fanya bawaba," anasema, "gari la watu hapana." Na wenye karakana za nyumbani mnaosoma hapa, vaeni miwani. Chuma kigumu kikimeguka kinaruka kama risasi.

Tuseme ukweli. Fomu wani tulisoma kwamba Zama za Chuma zilileta majembe, misitu ikafyekwa, chakula kikaongezeka, falme zikatokea. Tukakariri, tukafaulu. Hakuna aliyetuambia nani alishika koleo, wala kwamba mahali pengine watu walikula matunda ya kazi yake huku wakipaka mafuta mikononi kwa kumwona kama uchafu. Engaresero sasa inajulikana duniani kwa nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, kwenye majivu ya volkano. Utafiti uliotoka mwaka 2020 umeziweka kati ya miaka 5,760 na 19,100 iliyopita. Ni urithi mkubwa na najivunia. Lakini wale waliopita tu kwenye tope tunawajengea uzio na kuwatunza, na waliotufulia mikuki kwa vizazi hatuwataji majina.

Mi nasomea ualimu wa historia. Nikifika kwenye mada ya chuma nitapeleka kipande cha springi darasani, na nitasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba upande wa mama ni Ilkunono.

Wadau wa Upare, Ufipa, Buhaya, Sonjo na kwingineko: kwenu wahunzi mnawaitaje, na walikuwa wanakaa wapi, karibu na boma au mbali? Niandikieni, nakusanya. Tuonane baada ya majaribio...